Chungu cha Watu Wasiojulikana

Kwa saa nne gari lilikuwa likishuka, na Seleman, dereva, alikuwa ameacha kupiga mluzi tangu walipoiacha lami pale Mlowo. Ukingo wa Bonde la Rukwa hauteremkwi kwa mluzi. Kila kona joto liliongezeka. Migomba na kahawa za Mbozi zilibaki juu kama mali ya nchi nyingine, na chini pakafunguka tambarare yenye ng'ombe wengi na miti michache, ardhi yake ikiwa na weupe kama mkono uliokosa mafuta. Mbele kabisa kulikuwa na mstari wa kijivu, ama ziwa, ama jua likidanganya macho. Anayefika huku mara ya kwanza hudhani amepotea. Hata Seleman, mtu wa Tunduma aliyekwisha kupeleka mizigo mpaka Lusaka na Lubumbashi, alidhani hivyo. Akasimama kwa mwanamke aliyekuwa akikwangua udongo kwa kipande cha bati kando ya njia, akamwamkia kwa Kibemba, kwa mazoea ya mpakani.

"Mulishani, mukwai?"

Mwanamke akanyanyua uso. "Hapa si Zambia, baba. Umepitiliza wapi?"

"Naitafuta Ivuna, mama."

"Basi acha kutafuta. Umeikanyaga."

Waliokuwa nyuma ya gari walicheka, na mmoja wao, Dokta Brenda, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam, akashuka kumpa mkono. Alikuwa amekuja na watu wake kuchimba kile kilima cha vigae kilichoko karibu na chemchemi za chumvi. Mwanamke alitazama ule mkono, akafuta wa kwake kwenye khanga, akaupokea. Jina lake Enesi. Alipanda gari kuwaonyesha njia, na kabla jua halijazama alikuwa ameandikwa kazi: yeye na wanawake wengine wanne wangekaa kwenye turubai wakiosha vigae kwa mswaki na maji, kimoja kimoja.

Chumvi ni kazi yenye wivu popote duniani. Wapo wanaoikata kwa shoka jangwani na wapo wanaoichota baharini kwa jembe la mbao. Ya Ivuna hutoka kwenye udongo. Masika yakiisha na maji ya chemchemi yakirudi nyuma, udongo huota ukoko mweupe. Wanawake hukwangua ukoko huo, hutia kwenye chombo kilichotobolewa chini, humwagia maji, na yanayodondoka huchemshwa mpaka yakauke. Siku hizi huchemshia kwenye masufuria na mapipa yaliyokatwa. Zamani walichemshia kwenye vyungu, na chungu cha chumvi hakidumu: hupasuka, hutupwa, hufinyangwa kingine. Ndiyo maana karibu na chemchemi kuna kilima kizima cha vigae. Watoto hukiteleza, mbuzi hulala juu yake, mvua ikinyesha sana huteremsha mdomo wa chungu hapa na kitako cha chungu pale.

Ni vyungu vya nani? Wanakijiji wakiulizwa husema ni vya watu waliokuwepo. Zaidi ya hapo hakuna. Hawakuacha jina, hawakuacha wimbo, wala hakuna ukoo unaosema, sisi ndio wajukuu zao. Brenda aliwaeleza wanawake wa turubai kwamba vyungu vya chini kabisa vina zaidi ya miaka mia tano, na kwamba wafinyanzi wake walikaa hapa vizazi vingi, wakachemsha chumvi iliyosafirishwa mbali, kisha wakaacha. Chumvi ilikuwa bado ipo, maji yalikuwa bado yapo, na watu wakaondoka. Hilo ndilo alilokuja kulitafuta. Mmoja wa wanawake akasema labda walichoka moshi. Wote wakakubaliana kwamba hiyo ni sababu ya kutosha.

Enesi alicheka pamoja nao. Naye si mtu wa huku. Kwao ni Mbebe, Ileje, milimani, ambako asubuhi mtu huvaa sweta na kijiko cha uji hutoa moshi. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda Iyula kwa shangazi yake kusaidia kuchuma kahawa, na katika mistari ya mibuni akakutana na kibarua mwembamba kutoka bondeni aitwaye Ferdinand, aliyemwambia kwamba kwao chumvi inaota chini kama magugu. Hakuamini. Alikuja kuangalia, akabaki. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita. Ferdinand alikuwa na mke mwingine, nyumba ya pili, na watoto watano kwa huyo mwenzake. Enesi hakuwa na mtoto. Kijiji kizima wanawake waliitwa mama fulani, mama fulani. Yeye aliitwa Enesi, na waliotaka kumheshimu walimwita mama bila kuongeza kitu.

Siku ya Jumanne ya wiki ya tatu, watu waliokuwa shimoni walipiga makofi.

Wanawake wa turubai walinyanyuka kwenda kuona. Ukutani mwa shimo, kiasi cha urefu wa mkono kutoka juu, palikuwa na chungu kizima. Katika vigae elfu na elfu hawakuwa wamepata kizima hata kimoja. Kilikuwa kimewekwa wima, mdomo umefunikwa kigae kipana, na Felix, mchoraji wa shimo, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amekinyanyua kile kifuniko kidogo na kumulika kwa tochi. Alishusha kifuniko taratibu. Alisema kuna mifupa. Alisema ni midogo sana.

Enesi alikitazama chungu. Shingoni kilikuwa na mistari ya kucha, pande tatu mistari mitatu mitatu, upande wa nne miwili tu, mfinyanzi kasahau. Ubavu mmoja ulikuwa mweusi kwa moto. Aliutazama ule upande wenye mistari miwili mpaka mtu akamgusa bega na kumwambia asogee, anaziba mwanga. Akarudi turubaini, akachukua mswaki, akaosha kigae kilichokwisha kuoshwa.

Kwa maana aliyekichagua ni yeye.

Mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, Enesi alijifungua mtoto wa kike kwenye nyumba ya mama mkwe wake, msimu wa chumvi, Ferdinand akiwa Tunduma kuuza magunia. Mtoto aliishi mchana mmoja na usiku mmoja. Alinyonya mara mbili. Asubuhi ya pili alikuwa wa baridi.

Katika ukoo ule wanawake walikuwa na njia yao. Mtoto anayekufa kabla kitovu hakijakauka hajawa mtu. Ni maji yaliyomwagika. Haombolezwi, hana matanga, hana jina. Wanaume hawaambiwi kitu zaidi ya kwamba mimba imeharibika. Wanawake wa nyumba humweka kwenye chungu kipya kisichopata kuona moto, humzika mahali wanapopajua wao, na tangu siku hiyo hakuna anayepataja. Mama halii kwa sauti. Akilia, au akisimulia, matumbo ya nyumba ile yatajifunga, lake la kwanza.

Lakini chungu kipya hakikuwepo. Miaka ile watu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye masufuria, na mfinyanzi wa mwisho alikuwa amekufa. Mama mkwe alisimama mlangoni akifikiri, jua likipanda. Kisha akamtuma binti yake Marta, na Enesi, aliyekuwa bado anavuja damu, akasema na yeye atakwenda. Walifukua kilimani kwa mikono. Vitatu vya kwanza vilikuwa vimepasuka. Cha nne kilikuwa kizima. Enesi alisema, hiki. Marta alisema kimeona moto, tazama ubavu. Mama mkwe alipoletewa alikigeuza, akasema moto wa watu wasiojulikana hauna wa kuudai. Wakamrudisha mtoto palepale chungu kilipotoka. Ulikuwa ni uzushi mdogo wa siku ya shida, nao ndio uliomfanya mtoto wa mwaka tisini na nane aonekane wa miaka mia tano.

Jumanne ile jioni chungu kilitolewa pamoja na udongo wake, kikazungushiwa bandeji na plasta kama mguu uliovunjika, kikawekwa kwenye hema la Brenda. Jumamosi gari lingekipeleka Dar es Salaam. Huko kingefunguliwa, mifupa ingepimwa, na kipande kingine pengine kingesafirishwa mbali zaidi. Enesi aliyasikia yote haya akiwa ameinamisha kichwa. Siku nne. Ndani ya siku nne angesema, au mtoto angekwenda mahali asikoweza kufika hata kwa kuulizia njia.

Marta alimfuata kabla hajaenda yeye kwa Marta. Walikaa nyuma ya jiko la chumvi, kuni zikipasuka.

"Umekiona?" Marta aliuliza.

"Nimekiona."

"Wifi, nakujua. Usinifanyie hivyo."

Gwantwa, binti wa Marta, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Marta hakuhitaji kulisema hilo. Alikuwa amelibeba usoni kwa miezi yote minane. Alisema mtoto yule hajui aliko, wala hasumbuki, awe kilimani awe Dar es Salaam. Lakini Gwantwa anasumbuka. Akaanguka magotini, jambo ambalo wifi hamfanyii wifi mwenziwe, na Enesi akamshika mabega amnyanyue, hakuweza.

"Mama alituapisha wote wawili," Marta alisema.

"Alisema nikinyamaza nitazaa tena."

"Wifi."

"Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka ishirini na sita, na sikuzaa. Sasa niambie, ni lini nilisimulia?"

Walikaa mpaka maji ya chumvi yakakauka sufuriani na kuanza kuungua, wakanyanyuka kuliepua, na waliponyanyuka Enesi aliahidi kunyamaza. Aliahidi kwa ajili ya Gwantwa, na alimaanisha. Jumatano aliosha vigae akinyamaza. Alhamisi vilevile. Wenzake waliona anakosea, anaweka vya shimo moja kwenye kapu la shimo lingine, wakamtania kwamba labda Ferdinand amekumbuka nyumba ya kwanza. Akatabasamu. Aliweza hata hilo.

Ijumaa, wakati wa chai, Felix alikuwa akiwasimulia waliokaa kivulini mambo ya nchi mbalimbali, jinsi kila mahali watu walipozika watoto wachanga chini ya kuta na kwenye vyungu, na jinsi wataalamu wanavyobishana sababu. Alikuwa mwema, alipenda kueleza, na hakuwa na habari kwamba anamuua mtu. Alisema yeye ana mawazo yake. Mahali hapa ni pa chumvi. Chemchemi zikikauka, watu wamekwisha. Inawezekana maji yalipungua, wakaogopa, wakatoa kafara. Mtoto mchanga, chungu kizima, karibu na chemchemi. Na baadaye, kafara iliposhindwa, wakahama. Huenda fumbo la kuondoka kwao lilikuwa limelala ndani ya kile chungu. Dokta Brenda alisema ni mapema mno kusema hivyo. Felix alisema anajua ni mapema, lakini mtu ataliandika tu, yeye au mwingine.

"Na mama yake alikubali?" mmoja wa wanawake aliuliza.

"Huenda alimtoa mwenyewe kichanga wake," Felix alisema. "Zamani watu walikuwa na mioyo mingine."

Enesi aliweka kikombe chini.

"Hakutolewa kafara," alisema.

Walidhani anabishana, na Felix akageuka na uso wa kumkaribisha kwenye ubishi. Enesi alikuwa amekwisha kusimama. Hakupaza sauti. Alizungumza na Brenda peke yake, kana kwamba wengine wamekwisha kuondoka.

"Ni wangu, Dokta. Alinyonya mara mbili. Nilimvika kipande cha khanga yangu, na khanga nikaifunga kwa pini, hapa, kifuani, kwa sababu niliogopa itafunguka. Fungua uone. Usinipeleke Dar es Salaam nikaonekane niliua."

Miongoni mwa wanawake wa turubai mmoja alijifunika kichwa kwa khanga, kama afanyavyo mtu penye msiba. Brenda alisimama. Halafu alimwomba waende wote wawili hemani.

Baadaye Brenda alikiri kwamba alikuwa na shaka tangu Jumanne. Udongo ulioking'ang'ania chungu ulikuwa laini kuliko wa pembeni, kama udongo uliowahi kufukuliwa na kurudishwa. Alikuwa ameiandika alama ya kuuliza kwenye daftari lake, kisha akageuza ukurasa. Miaka kumi na minne ya kuchimba, na chungu kizima kimoja. Alitaka kiwe cha zamani. Sasa alikata plasta kwa wembe, akaondoa kigae cha mdomo, na kwa kijiko kidogo akatoa udongo wa juu. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kuwa mavumbi. Pini ilikuwepo. Ilikuwa imeota kutu, imefungwa.

Brenda aliweka kijiko chini, akatoka nje akasimama nyuma ya hema. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na alizungumza kama mtu aliyeamua kusema kweli yote mara moja ili isije ikarudi vipande vipande. Mifupa ya mtu wa juzi si mali ya wachimbaji. Lazima serikali ya kijiji ijulishwe, na mtendaji atataka mzazi athibitishe. Baba pia. Na chungu, alisema, chungu kilikuwa cha zamani kweli. Hicho kwa sheria ni cha taifa. Hakuwa na uwezo wa kumpa.

"Kichukue," Enesi alisema. "Hata mimi nilikiazima."

Deus, mtendaji wa kijiji, alipiga simu kwa wakubwa wake mara tatu, na mara ya tatu akapewa jibu alilolitarajia: mambo ya zamani hivyo, yasiyo na jinai, yamalizwe na ukoo, baba akikiri mtoto ni wake na maandishi yawepo. Kwa hiyo mchana uleule Ferdinand aliitwa kutoka nyumba ya pili. Alikaa kwenye benchi la ofisi, kofia magotini, na kusimuliwa na mke wake, mbele ya mtendaji na dada yake Marta, kwamba aliwahi kuwa na mtoto ambaye hakumjua.

Hakukasirika. Waliomjua walingoja akasirike, hakukasirika.

"Alikuwa nani?" aliuliza.

"Wa kike."

"Mliniambia mimba imeharibika."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeleta kitenge cha kumbebea," Ferdinand alisema. "Kutoka Tunduma. Mama akaniambia nimpe Marta."

Marta alianza kulia, lakini si kwa kilio cha kumlilia mtu. Alisema kitenge kile alikitumia kumbebea Gwantwa. Halafu alisema maneno mengi kwa haraka, akimwelekea kaka yake, kwamba lililotajwa limetajwa, ila bado kuna njia: wanawake warudishe mtoto kilimani leo leo, palepale, wafukie, kila mmoja afunge mdomo, na huenda nyumba ikapona. Wazee wa ukoo waliokuwa barazani walikuwa wamekwisha kukubaliana hivyo hivyo. Ni hilo tu lililokuwa likitakiwa, kwamba Enesi akubali.

Enesi alikataa. Alisema pale pamekuwa shimo lenye kamba na namba, na likifukiwa leo litafukuliwa na wengine kesho. Alitaka kaburi. Kaburi la kawaida, lenye udongo ulioinuka, ambalo mtu akipita anajua kuna mtu. Alitaka kulia kwa sauti juu yake. Hakuomba zaidi ya hayo, na kwa mambo ya kuombwa duniani yalikuwa madogo, lakini katika ukoo ule hapakuwa na mahali pa kuyaweka. Hakuna aliyewahi kuchimba kaburi la maji yaliyomwagika.

Ferdinand alichukua kalamu ya Deus akaandika jina lake chini ya maneno yanayosema mtoto ni wake. Aliandika polepole, herufi kubwa. Kisha akamwomba Enesi watoke nje.

Waliyozungumza Enesi aliyasimulia mara moja tu, kwa Brenda, na kwa maneno machache. Ferdinand alimwambia kwamba Gwantwa akipata baya lolote, Marta atasema ni kaburi lile, na yeye hataweza kukaa katikati ya dada na kaburi. Akamwambia ampeleke kwao, milimani, ambako watu wanazika watoto. Enesi akauliza, na mimi? Ferdinand akatazama kofia yake.

"Kaa naye huko," alisema. "Kila nikikuona nitakuwa nakuuliza yuko wapi."

Alilia aliposema hivyo, na ndiyo iliyokuwa mbaya, kwani Enesi alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali. Hakuwa amejiandaa kwa mtu anayelia huku akimwacha.

Alimpigia simu kaka yake Mbebe. Ambilikile alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maswali mengi. Aliwahi kumhoji fundi wa paa kwa saa nzima kuhusu misumari. Enesi alimweleza yote bila kupumzika. Safari hii hakuuliza hata swali moja.

"Mlete," Ambilikile alisema. "Nitamchimbia karibu na mama."

Jumamosi asubuhi, kabla joto halijaanza, Brenda alitandika shuka safi juu ya meza ya kazi. Alimpa Enesi brashi laini, ile anayotumia yeye mwenyewe na asiyomkopesha mtu. Enesi aliikataa, akatumia vidole. Brenda alijifunza kazi ya mifupa akiwa nchi za mbali, na alijua mtoto wa siku moja ana mingapi na ipi hupotea. Hakuitaja kwa majina ya kitaalamu. Kila ulipotoka alisema, huu wa mkono, huu wa kifuani, na Enesi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu. Udongo uliobaki Brenda aliuchekecha mara tatu, na mara ya tatu akapata mifupa miwili ya vidole, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Vilevile alifanya jambo ambalo lingemgharimu kwa wakuu wake kama wangelijua: hakupiga picha hata moja.

Hapakuwa na jeneza la kiasi kile bondeni kote. Walichukua katoni ya kuwekea vigae, Brenda akabandua karatasi yenye namba ya shimo, Enesi akatandika ndani khanga aliyokuwa amejifunga, ya pili, ya nje, na kumlaza. Pini aliichomeka kwenye blauzi yake. Chungu kilibaki mezani, kitupu, chenye mistari yake pungufu upande mmoja. Felix, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila kuthubutu kuingia, ndiye aliyefunga sanduku la nguo la Enesi kwa kamba na kulipeleka garini. Alitaka kusema kitu. Enesi alimtangulia.

"Ulikuwa hujui, baba."

"Nilisema kama mtu anayejua," Felix alijibu. "Ndiyo mbaya."

Wanawake wa turubai walikuja kumuaga, wawili kati ya wanne. Marta hakuja. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa, na ilisemekana amemfungia Gwantwa ndani asiione ile katoni ikipita. Ferdinand alionekana mbali, kwenye uwanda wa chemchemi, ameinama, anakwangua udongo, kazi ambayo wanaume wa Ivuna hawaifanyi. Hakugeuka. Enesi alimtazama mpaka alipohakikisha hatageuka, kisha akapanda mbele, karibu na dereva, katoni mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Ilikuwa safari ya siku nzima: kupanda ule ukingo mpaka Mlowo, kupita Vwawa, kisha kuingia Ileje kwa njia za milimani. Seleman, aliyekuwa na utani kwa kila abiria tangu Kasumbalesa mpaka Lusaka, asubuhi ile hakuwa nao. Alikuwa ameosha gari. Alipanda, akanong'ona dua yake, akashika ufunguo bila kuuzungusha.

"Mama, tukimbie tuuwahi mlima kabla ya jua kali, au twende polepole?"

Enesi aliangalia katoni.

"Polepole," alisema. "Hajawahi kupanda gari."

Seleman aliitikia kwa kichwa. Gari liliondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, likilikwepa kila shimo na kila jiwe, na kwa kuwa bonde ni tambarare na halina miti ya kuficha kitu, lilichukua muda mrefu sana kupotea. Brenda na waliobaki walisimama kando ya shimo wakilitazama. Ilikuwa karibu saa tatu asubuhi walipoweza kusema hawalioni tena, na hata hapo hawakuafikiana.